Jinsi ya kuonja bia kongwe ya Kibelgiji ya ukumbusho

Maswali ni yaleyale. Shemeji katua kutoka Brussels na chupa kubwa yenye koki na waya kama ya shampeni, lebo ina mwaka wa zamani, na sasa imewekwa juu ya kabati kila mtu akiiogopa. Imeharibika? Iwekwe friji? Mbona ina uchafu chini? Inywewe baridi kama bia nyingine? Nimeyajibu moja moja mpaka basi, kwa hiyo nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa bia nyeusi nzito za Ubelgiji, zenye kileo cha asilimia 8 hivi kwenda juu, ambazo hamira hai imeachwa ndani ya chupa ziendelee kukomaa. Mfano wangu ni Gouden Carolus Cuvée van de Keizer ya lebo ya bluu, yenye kileo cha asilimia 11, inayotengenezwa na kiwanda cha Het Anker mjini Mechelen, kati ya Brussels na Antwerp. Usiichanganye na ndugu yake wa lebo nyekundu: hiyo ni bia ya rangi ya dhahabu na tabia yake ni nyingine.

Nimeichagua hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni bia ya ukumbusho kwelikweli. Hupikwa mara moja kwa mwaka, tarehe 24 Februari, siku aliyozaliwa Kaisari Charles V, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi, mjini Ghent mwaka 1500, mtoto ambaye baadaye alilelewa hukohuko Mechelen kwa shangazi yake, Margaret wa Austria. Pili, kwa kuwa hutoka kila mwaka na mwaka wake huonyeshwa kwenye chupa, unaweza kupata ya zamani na mpya ukaziweka meza moja. Hili la pili ndilo kubwa kuliko yote utakayosoma hapa. Bila chupa changa ya kulinganisha, huwezi kujua miaka imefanya nini. Utakuwa unaonja sifa ulizosimuliwa.

Kama chupa yako imeandikwa geuze au lambic, hatua nyingi za hapa hazikuhusu. Hizo ni bia chachu za eneo la Brussels na mashambani kwake, huchachuka kwa hamira za hewani, na uchachu wake si kasoro. Hata kulazwa hulazwa ubavu, wakati hizi zetu husimama wima.

Vitu vya kuandaa

- Chupa mbili za bia ileile, moja kongwe na moja ya mwaka huu au wa jana. Ukikosa changa ya jina hilohilo, tafuta ya ukoo wa karibu: Rochefort 10 (asilimia 11.3) au St. Bernardus Abt 12 (asilimia 10). Haitakupa kipimo kamili, ila ni afadhali kuliko kuonja ukiwa huna pa kushika.
- Watu. Chupa ya sentilita 75 yenye asilimia 11 ina kama gramu 65 za kileo, karibu sawa na chupa nne za nusu lita za bia ya kawaida ya asilimia 4.2. Chupa mbili ni nane. Kwa hiyo alika watu sita hadi wanane. Mkiwa wanane kila mmoja anapata kiasi cha bia moja hivi. Anayeendesha gari, mjamzito na aliye kwenye dawa wanuse tu, na hawatakosa sana, maana kunusa ni zaidi ya nusu ya kazi.
- Glasi zenye tumbo na mdomo uliobana. Ya mvinyo inatosha kabisa. Kikombe cha plastiki hapana, na lile glasi refu la bia ya baridi nalo hapana.
- Themomita ya jikoni, kizibuo cha mvinyo, chujio la chai, jagi safi, kitambaa cha jikoni.
- Maji ya kunywa yasiyo ya barafu, mkate mweupe usio na siagi, karatasi na kalamu.
- Chumba kisicho na harufu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hawajaanza. Usifukize udi, usijipulizie marashi, zima dawa ya mbu ya kuchoma, na kama jikoni kuna kitunguu kinakaangwa, ahirisha au hamieni barazani.

Hatua kwa hatua

1. Ikague chupa siku kadhaa kabla.

Iinue kwenye mwanga wa taa, si jua, uangalie bia imefika wapi shingoni. Ilinganishe na ile changa. Ikiwa imeshuka sana, koki imevuja na hewa imeingia. Pitisha kidole chini ya waya: kama panakamata kama soda iliyokauka, nalo ni jibu lilelile. Kisha muulize aliyeileta ilikaa wapi miaka yote hiyo. Bia iliyosimama stoo ya chini ya nyumba, gizani, ina matumaini. Iliyopamba rafu ya sebule mkabala na dirisha, punguza matarajio, kwa sababu mwanga huvunja kemikali za hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) zinazoleta uchungu wake na kuzigeuza kitu kinachonuka kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Haizuii wote.

Kuhusu tarehe: Umoja wa Ulaya haulazimishi tarehe ya mwisho kwa vinywaji vyenye kileo cha asilimia 10 na zaidi. Viwanda vingi huiandika tu hata hivyo, kwa hiyo usishtuke ukiona imepita. Kileo, asidi na hopsi havitoi nafasi kwa vijidudu vya magonjwa kuzaana humo. Bia hii inaweza kuwa mbaya mdomoni, lakini haitakulaza hospitali kwa sababu ya umri wake.

2. Isimamishe wima uiache ipumzike.

Wiki moja ikiwa ilikuwa hapohapo nyumbani, mbili ikiwa imesafiri ndani ya sanduku la ndege. Ule uchafu wa chini ni mashapo ya hamira. Ukiitikisa, mashapo yanapanda na kila glasi itakuwa na ladha ya unga wa hamira. Siku ya kuonja, ichukue shingoni taratibu, bila kuilaza.

Hapa niseme neno kwa walioko pwani. Joto linalofaa kuhifadhi bia hizi ni kama nyuzi 10 hadi 13, pasipo mwanga, pasipo kupanda na kushuka. Nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 30 mchana si stoo ya bia. Huko bia huzeeka mbio na vibaya; hupati ladha ya tende na chokoleti, unapata ya karatasi iliyolowana. Kwa hiyo usinunue changa leo ukaificha kabatini eti ikomae mpaka mtoto amalize chuo. Inywe, au iache kwa ndugu Ulaya. Aliye kwenye baridi ya Limuru, Mbeya au Bukavu ana nafuu kidogo, ingawa hata yeye nisingemshauri apitishe miaka miwili mitatu bila friji ndogo ya mvinyo.

3. Panga joto la kunywea.

Weka chupa zote mbili friji kwenye rafu ya chini, wima, kuanzia jana yake. Halafu zitoe mapema. Unataka bia iingie glasi ikiwa na nyuzi 10 hadi 12, ipande yenyewe hadi 16 hivi mkiendelea kuongea. Kwenye chumba cha nyuzi 28 itachukua kama dakika 45 hadi saa moja kutoka nyuzi 4 za friji. Kwenye nyumba ya Ulaya yenye nyuzi 20, saa moja na nusu au zaidi. Hayo ni makisio ya kuanzia, na themomita ndani ya glasi ya kwanza ndiyo itakayosema kweli.

Kosa kubwa kuliko yote: kuinywa baridi ya kugandisha ulimi. Kwenye nyuzi 4 bia kongwe na bia changa zinakaribia kufanana, zote ni tamu na kali, na fedha yako imepotea. Wengine wetu tumezoea kuulizwa baa "baridi ama moto?", na kwa bia hii jibu liko katikati. Ile "moto" ya nyuzi 27 nayo inatupa kileo juu, pua inawashwa, basi.

Usiiweke friza ili kuokoa muda. Ikisahaulika humo, chupa inaweza kupasuka.

4. Andaa glasi.

Zioshe, zisuuze mara mbili kwa maji matupu, ziache zijikaushe zenyewe. Sabuni iliyobaki na mafuta ya vidole huua povu, na kitambaa kilichokaa kabatini huacha harufu yake. Nusa glasi tupu. Ikinuka chochote, suuza tena.

Ukiweza, bandika kipande cha karatasi chini ya kila glasi, K kwa kongwe na C kwa changa, mmiminaji awe mmoja, wengine wasijue ipi ni ipi. Watu hucheka wakiambiwa hivyo, mpaka mmoja wao asifu ile ya mwaka huu kwa "ule ukomavu wa miaka kumi". Rangi na povu vinaweza kuvujisha siri, sawa, lakini hata siri nusu inasaidia watu waseme wanachonusa badala ya wanachotarajiwa kunusa.

5. Fungua taratibu, ikiwa wima.

Weka jagi karibu. Ondoa karatasi ya juu. Funika koki kwa kitambaa, dole gumba likiwa juu yake, kisha zungusha kijicho cha waya. Kwa kawaida ni nusu mzunguko mara sita. Usiondoe dole hata waya ukishalegea. Chupa ya zamani inaweza kuwa imetulia kama maji, au inaweza kuwa na shinikizo kuliko changa, na kwa nje huwezi kujua.

Sasa shika koki kupitia kitambaa uizungushe polepole huku na huku, kidogo kidogo, uso wako ukiwa mbali. Wauza shampeni husema uinamishe chupa. Hapa usiiname nayo, mashapo yatapanda. Koki kongwe mara nyingi imeshikamana na kioo na inagoma, halafu ghafla inakubali kwa mlio mdogo wa "fss". Ukisikia mlio huo, acha kuvuta kwa sekunde chache gesi itoke yenyewe.

Koki ikikatika, usiisukume ndani. Tumia kizibuo, kitambaa kikiwa bado kimefunika, na uvute bila pupa, kwa sababu gesi iliyobaki bado inaweza kuirusha. Ikifikichika, bia itapita kwenye chujio la chai kuingia kwenye jagi. Utapoteza povu, ladha itabaki.

Ukishaitoa, inuse upande wa bia. Ukungu kidogo juu ya koki, upande wa nje, si tatizo. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji. Upande wa ndani ukinuka gunia lililolala mvuani, andika hilo, halafu subiri glasi ithibitishe.

6. Mimina kwa mkono mmoja usiokatika.

Panga glasi zote kwenye mstari. Inamisha chupa mara moja tu na uende glasi hadi glasi bila kuirudisha wima, kwa kuwa kila ukiirudisha, bia inapiga wimbi ndani na kuamsha mashapo. Weka mililita 70 hadi 90 kila glasi, yaani chini ya nusu ya tumbo. Taa nyuma ya shingo ya chupa husaidia: utaona bia ikipita safi, nyekundu ya kahawia, halafu utaona uzi mwembamba wa wingu ukianza kutambaa kuelekea mdomoni. Hapo simama. Sentimita mbili za mwisho zibaki chupani.

Anza kumimina ile changa, kisha kongwe. Changa ndiyo rula yenu.

7. Angalia, lakini usikae sana hapa.

Changa itasimamisha povu la rangi ya maziwa yenye chai. Kongwe huenda ikawa na pete nyembamba tu pembeni, au isiwe na kitu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: ukingo wa kongwe mara nyingi umeelekea kahawia ya matofali. Vipande vidogo vinavyoelea ni protini na hamira, havina neno.

8. Nusa kabla mtu yeyote hajanywa.

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye utajiri. Nusa C, nusa K, rudi C, rudi K. Pumzi fupi fupi, si kuvuta kama mtu anayejifukiza kwa mafua. Baada ya kama mara nne pua inachoka. Nusa mgongo wa mkono wako mwenyewe, kisha endelea.

Andika kabla hamjaongea. Akianza mmoja kusema "chokoleti", meza nzima itanusa chokoleti. Na usitafute maneno ya vitabu vya mvinyo. Una ghala la harufu la kwenu: tende, zabibu kavu, ukwaju, sukari guru, halua, asali ya nyuki wadogo, karafuu, iliki, mdalasini, ndizi iliyoiva mpaka ikaweka madoa, kahawa chungu, tumbaku, ngozi ya kiatu kipya, mbao za sanduku la Zanzibari. Maneno haya ni sahihi kuliko "ladha changamani", ambayo haimwambii mtu lolote.

Utakachokutana nacho, kwa kawaida, ni hivi. Changa: karameli, zabibu kavu, viungo, na kileo kinachochoma puani. Kongwe: viungo vimerudi nyuma, kileo kimejificha, na mbele wamekuja tende, tini kavu, chokoleti na kitu kinachofanana na mvinyo mtamu wa Port. Hicho cha mwisho ni kazi ya oksijeni kidogo iliyokuwa chupani tangu siku ya kwanza. Oksijeni hiyohiyo ikizidi, ndiyo inayoleta karatasi. Mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba, na ndiyo maana chupa mbili za mwaka mmoja kutoka kreti moja zinaweza kutofautiana.

9. Onja kidogo, rudi, onja tena.

Onjo la kwanza ni la kuuzoeza mdomo, lisahau. La pili lishike mdomoni kwa sekunde tano, lipite pande zote za ulimi, umeze, kisha toa pumzi puani ukiwa umefunga mdomo. Harufu inayorudi hapo ndiyo ladha yenyewe.

Jiulize mambo manne tu. Utamu ni wa aina gani, wa sukari nyeupe au wa tunda lililokauka? Uchungu upo? Katika bia kongwe hopsi huwa zimefifia, kwa hiyo kinachobaki mara nyingi ni uchungu wa kimea kilichokaangwa. Mwili wake ni mzito kama asali iliyotiwa maji au umekonda? Na ukishameza, inakaa muda gani? Changa hupiga kwa nguvu ikaondoka. Kongwe nzuri huingia polepole na bado ipo wakati umeshaanza kuongea jambo jingine.

Maji na kipande cha mkate kati ya glasi moja na nyingine. Usile pilipili, nyama choma wala achari kabla ya hapa. Ulimi utakuwa umeshafungwa.

10. Iache glasi mezani.

Weka saa. Rudi baada ya dakika 20, kisha 40. Usiongeze bia mpya juu ya ya zamani, maana unarudisha joto nyuma. Hapa kuna maandishi yangu ya chupa moja ya lebo ya bluu iliyokuwa na zaidi ya miaka kumi, nayanakili yalivyo:

*Nyuzi 11. Haina povu. Tende, kidogo rangi ya viatu. Mdomoni nyembamba, nimevunjika moyo.*

*Dakika 20, nyuzi 14. Rangi ya viatu imeondoka. Sukari guru, ukwaju kwa mbali, koko kavu. Mwili umenenepa.*

*Dakika 40, nyuzi 17. Halua yenye iliki. Kileo kimeanza kuonekana. Ilikuwa bora dakika kumi zilizopita.*

Ningeihukumu glasi ile dakika ya kwanza, ningesema bia imekufa. Kila bia ina dirisha lake, na hii ilikuwa kati ya nyuzi 14 na 16. Ya kwako itafute mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo chakula kinaruhusiwa: jibini kavu la muda mrefu kama Gouda kongwe, chokoleti nyeusi ya asilimia 70, korosho zisizo na chumvi. Mashapo yale mliyoacha, mwenye hamu ayamimine kwenye glasi ndogo peke yake aonje. Ni machungu na mazito. Tumbo lisilozoea litalalamika, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha.

Mambo yakienda kombo

*Haina gesi kabisa.* Hamira imelala au koki imepumua. Kama harufu ni nzuri, inywe kama mvinyo wa Port, glasi ndogo ndogo. Nimekunywa tulivu kama hizo zikawa bora mezani. Lakini tulivu na tena yenye harufu ya siki, hewa imeingia na hakuna la kufanya.

*Imeruka mpaka darini.* Jagi lilikuwa la hiyo kazi. Iliyobaki ni ya mawingu, mashapo yote yamepanda. Ipitishe kwenye chujio, iache jagini dakika kumi. Ikiwa pia ni chachu, wameingia bakteria au hamira pori.

*Ni chachu.* Uchachu mdogo wa ukwaju nyuma ya utamu ni kawaida kwa umri huu. Uchachu wa maziwa mgando mbele kabisa, hapana, hiyo haikukusudiwa kwenye bia ya aina hii. "Kaka, hii imechacha" ni sentensi halali mezani, na mwenye chupa asinune.

*Inanuka boksi lililolowana au karatasi ya gazeti.* Oksijeni imezidi, au joto la stoo. Haiponi kwa kusubiri.

*Inanuka mchuzi wa soya au supu ya nyama.* Hamira iliyokufa imepasuka na kuachia vilivyomo. Kwa mbali, chini ya chokoleti, wengine tunaipenda. Ikitawala, ni mzee aliyepitiliza.

*Inanuka kicheche.* Mwanga. Ile rafu ya dirishani.

*Tumeonja zote mbili na changa imeshinda.* Hutokea mara nyingi kuliko wauzaji wa chupa kongwe wanavyokiri. Kwa maoni yangu nyingi za bia hizi hufika kilele kati ya mwaka wa tatu na wa nane, zikihifadhiwa vizuri, na baada ya hapo unalipia uhaba, si ladha. Andika hivyo hivyo kwenye daftari, pamoja na mwaka wa chupa na mahali ilipokaa, ili mwakani ukiuziwa nyingine uwe na cha kushika.

*Imebaki robo chupa.* Ifunge kwa kizibo cha mpira, friji, umalize kesho yake. Keshokutwa itakuwa imechoka. Ikiwa ilikuwa nzuri ila hamna anayeitaka tena, ipeleke jikoni. Wabelgiji hupikia nyama ya ng'ombe: vipande vikubwa, vitunguu vingi vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, bia nyeusi badala ya maji, na kipande cha mkate kilichopakwa haradali kinawekwa juu kiyeyukie humo kwa saa mbili tatu za moto mdogo. Bia kongwe inafaa hapo kuliko changa kwa sababu uchungu wake umepungua. Ile ya siki au ya boksi imwage tu, maana mchuzi utarithi kasoro hiyohiyo.